Minyoo ya Udongo: Tuhesabu Gharama Yote

Msimu wa nyanya ukifika, sisi wauguzi tunahakikisha atropini ipo kabatini. Wakulima wanaletwa wakitokwa jasho na mate, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, wanapumua kwa shida. Walishika sumu kwa mikono mitupu. Mara nyingine ni mtoto, amekunywa iliyohifadhiwa kwenye chupa ya soda.

Baadhi ya sumu hizo hununuliwa kwa ajili ya minyoo fundo. Ni midogo mno, haionekani kwa macho, nayo huvimbisha mizizi ya nyanya, bilinganya na bamia hata mmea ukanyauka mchana wakati udongo una maji. Mkulima huhesabu bei ya dukani na kuishia hapo. Sisi tunamwomba aongeze nauli ya kuja hospitali, siku za kulazwa, na kazi za shamba alizoziacha mkewe anayemwuguza.

Ipo njia nyingine, wala si ngeni. Wabenediktini wa Peramiho waliihimiza marejea katika miaka ya 1980, hasa kwa kurutubisha udongo. Lakini marejea ni mtego pia: minyoo inaingia mizizini, inashindwa kukomaa na kutaga, inafia humo. Ikianza kutoa maua, ikatwe na kufukiwa kabla shina halijawa gumu. Usishtuke ukiona vinundu mizizini mwake. Vile hubanduka kwa ukucha, navyo ndivyo vinavyoleta mbolea; uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba.

Tunaulizwa: shamba likikaliwa na marejea, tutakula nini? Swali la haki kabisa. Mwenye nusu ekari asiipande yote. Agawe mafungu 3, kila msimu fungu 1 lipate marejea kwa zamu. Atakosa theluthi ya nyanya, ndiyo. Lakini kama minyoo ilikuwa ikimla zaidi ya theluthi, na mafungu mawili yakazaa vizuri, amepata faida hata kabla ya kuhesabu mbolea na sumu asizonunua. Ambaye minyoo inamwibia kidogo tu, hatumdanganyi: kwake hesabu hiyo haitoki. Naye sumu ya nini?

Mbegu za marejea zikae mbali na nafaka. Baadhi ya jamaa za mmea huu zina sumu ya ini, na mbegu zikishasagwa pamoja na mahindi hakuna wa kuzitambua.