Sahani ya Peke Yake

Nyumba nyingi za Pwani zina neno moja kwa mzee mwenye saratani asiyekula: mkaidi. Mwana ampigia kelele, mkaza mwana anuna kwa kuwa wali wake wa nazi umerudi jikoni, na majirani wanong'ona ati mzee amejikatia tamaa. Lawama hiyo si ya haki.

Saratani yenyewe huondoa hamu ya chakula na kukondesha mwili, hata kwa mtu anayejitahidi kula. Dawa zake zaweza kutoa vidonda kinywani na kukifanya chakula kiwe na ladha ya chuma. Na ile ya umio, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi hapa Kenya, huziba njia ya tonge lenyewe. Ukaidi uko wapi hapo?

Tena kuna la moyo. Huzuni huondoa njaa, na mwili usiolishwa huzidi kuhuzunika. Mzee akikosa usingizi, akaacha hata gumzo la baraza alilolipenda, watu husema ni uzee. Si uzee! Huzuni ya namna hiyo ni maradhi yenye tiba, na yafaa daktari aelezwe kama aelezwavyo maumivu ya tumbo.

Linalotukera zaidi ni ile sahani ya peke yake. Sisi tumezoea kula sinia moja. Kumpelekea mgonjwa chakula chumbani, kisha mlango ukarudishwa, ni kumwambia bila ya maneno kwamba amekwisha hesabiwa na wafu. Na saratani haiambukizi kwa kula pamoja. Mikono ioshwe, chakula kiive vizuri, basi. Aketishwe penye watu, apewe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku: uji wa maziwa, yai, samaki aliyetolewa miiba, maharagwe yaliyopondwa. Akimeza kwa shida, apelekwe hospitali mapema, asingojewe akonde.

Ramadhani nayo ikifika, wazee wengi hung'ang'ania kufunga. Kurani imemruhusu mgonjwa kula, na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia, akalisha maskini kwa kila siku aliyokula. Mashehe wetu wayajua haya. Twawaomba wayaseme majumbani, mbele ya mzee mwenyewe, maana neno la daktari peke yake huwa halimtoshi.