Popo wa Suswa na Mwari wa Elmenteita

Watu wengi humhesabu popo kuwa ni ndege kwa sababu anaruka. Ili kujua kama hesabu hiyo ni sawa, yafaa tumlinganishe na ndege wa kweli. Katika Bonde la Ufa tunao wawili wafaao: popo mwenye masikio makubwa akaaye katika mapango ya Mlima Suswa, kusini ya Naivasha, na mwari mweupe wa maziwa ya Nakuru na Elmenteita.

Mwari ana manyoya, na mabawa yake yakikunjuliwa huweza kufika mita 3. Bawa la popo ni ngozi nyembamba iliyotandwa juu ya vidole virefu. Mwari hutaga mayai, kwa kawaida mawili, na hulisha makinda yake samaki. Popo huzaa mtoto mmoja akamnyonyesha. Basi popo ni mnyama, ajapokuwa na mabawa.

Lakini desturi zao zafanana. Kila mmoja hulala mahali pengine na kula mahali pengine. Mwari huzaa juu ya visiwa vya mawe vya Elmenteita, kisha huenda kuvua katika maziwa mengine kama Nakuru. Hungoja jua lipashe ardhi moto, ndipo apande na hewa ile bila kuchoka. Perege wadogo wa Nakuru waliletwa na watu kutoka Ziwa Magadi, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, ili wale viluwiluwi vya mbu. Na mwari wakafuata chakula. Popo naye hungoja giza, ndipo atoke pangoni kuwinda nondo.

Tena wote hukusanyika mahali pachache, kwa hiyo mtu mmoja mjinga aweza kudhuru maelfu. Mwari akifukuzwa kiotani, makinda huteketea juani. Na moshi wa moto mmoja huweza kuwatoa popo pangoni.

Mwaka 2011 Elmenteita, Nakuru na Bogoria yalitiwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mapango ya Suswa hayamo katika orodha hiyo. Mlinzi wa popo ni jirani yake. Mkulima akumbuke kwamba viwavi waharibuo mahindi ni watoto wa nondo. Amwachaye popo pangoni kwa amani hulinda shamba lake mwenyewe.