Tunasoma Herufi Nyeupe Tu

Kariakoo ni kwa wabishi. Simba wako Msimbazi, Yanga wako Jangwani, na katikati yao watu wanabishana juu ya kila kitu. Ukishuka Gerezani kwenye maduka ya vipuri utakuta ubishi mwingine: tairi la Land Cruiser au Hilux lionyeshe herufi nyeupe kwa nje, au libaki jeusi tupu?

Wa nyeupe wanasema gari linapata sura. Wa nyeusi wanasema huo ni usharobaro. Mtindo umeshafika hadi kwenye bajaji na bodaboda. Ambaye tairi lake halina herufi nyeupe anachukua rangi na kuzipaka mwenyewe.

Utaniambia: wewe mwanafunzi wa ualimu, mpanda mwendokasi, hayo yanakuhusu nini? Yananihusu sana. Tukipangiwa TP mikoani, lami ikiisha wengi wetu tunamalizia safari kwenye magari hayo hayo. Na tukichangishana hela ya safari ya darasa, wanaokodi gari ni sisi.

Tuzitendee haki herufi nyeupe kwanza. Zile za kiwandani si rangi. Ndani ya ubavu wa tairi kuna tabaka la mpira mweupe, na mpira mweusi wa juu unakwanguliwa mpaka weupe utokeze. BFGoodrich All-Terrain, lililoanza kuuzwa 1976, ni moja ya matairi yaliyozipa umaarufu kwenye magari ya porini. Matairi mengi ya aina hiyo yana herufi nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili, kwa hiyo fundi anageuza tu unavyotaka. Uimara ni ule ule. Tofauti ni kazi ya kusugua, maana weupe ule unageuka kahawia kwa vumbi na kwa dawa zinazotoka kwenye mpira wenyewe. Kwa gari la kazi, mimi nachagua jeusi.

Lakini ubishi huo unatupitisha pembeni ya maandishi yenye maana zaidi. Ubavuni humo, mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne ambazo hakuna anayehangaika kuzipaka rangi. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, hivyo ukigeuza tairi kwa ajili ya rangi zinaweza kuishia ndani, abiria asizione.

Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Michelin wanashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe libadilishwe, hata kama kashata bado ipo. Sasa chukua tairi la mtumba, lioshe, lipake dawa ya kung'arisha, chora herufi zake upya kwa rangi nyeupe. Kwa macho ni jipya kabisa. Umri wake utaujua kwa zile nne tu.

Kuna na namba ya mzigo. Tairi lililoandikwa 265/70R16 112S linaruhusiwa kubeba kilo 1,120, likiwa na upepo sahihi. Dereva anayejaza abiria, mabegi na magunia ya mkaa juu anacheza na namba hiyo, tairi liwe la rangi yoyote.

Jamani, sisi tunasomea kufundisha watoto kusoma. Itakuwa ajabu tupande gari lenye maandishi yanayotuhusu kiasi hiki halafu tusome jina la kampuni tu kwa sababu ndilo limepakwa rangi.

Kwa hiyo, kamati za safari, kabla ya kutoa hela ya utangulizi mmoja wenu ainame. Tarakimu zikiwa upande wa ndani, washeni tochi ya simu na mchungulie chini ya gari. Semeni kwa adabu, "Samahani kaka, tunaomba tuangalie matairi." Someni yote manne, na la akiba pia, maana hilo ndilo husahaulika zaidi. Mkikuta miaka kumi imepita, tafuteni gari lingine, hata kama hilo limependeza.