Eti, "Mmeoana?"

Nikiwa mwaka wa pili nilimsindikiza rafiki yangu kwenda kuripoti (amenikubalia niandike). Jamaa aliyekuwa anaishi naye geto alimpiga, jicho likavimba mpaka likaziba. Aliyetupokea, ofisi siitaji, alimtazama kisha akauliza, "Mmeoana?" Hapana. "Basi hayo mambo ya mapenzi, mtarudiana tu." Na kweli, wiki iliyofuata walirudiana.

Wengi wetu hapa chuoni tunadhani ukatili wa nyumbani ni ugomvi wa mume na mke. Sheria zetu nazo zimechangia. Tanzania Bara hatuna sheria mahsusi ya ukatili wa nyumbani, tunaokoteza vipande. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Safi. Lakini hapo ni wanandoa. Kifungu cha 160 kinawadhania kuwa mume na mke watu walioishi pamoja miaka miwili na jamii ikawatambua hivyo. Sasa nyie mliohamia geto semesta iliyopita mnaingia wapi?

Mnabaki na Kanuni ya Adhabu. Na hapo ndipo yule mtu alipokosea: kumjeruhi mwenzako ni jinai, cheti cha ndoa hakiulizwi.

Ila ngumi siyo yote. Bumu lilikuwa likiingia, kadi ya benki anayo jamaa. Simu inakaguliwa kila jioni. Hilo utalishtaki kwa kifungu gani? Wakenya wana sheria yao tangu 2015. Imetaja unyanyasaji wa kiuchumi, wa kihisia, vitisho, kumfuatafuata mtu, hata wakwe kuingilia (hapo nilicheka kidogo), na inawagusa wachumba na wenye uhusiano wa karibu. Sisi tunasubiri nini? Kuna wanaosema tutaiingiza serikali chumbani. Jamani, chumbani ndiko watu wanakopigiwa!

Kwa sasa tumia kilichopo. Dawati la Jinsia na Watoto liko katika vituo vingi vya polisi. Fomu ya PF3 inatoka polisi, inajazwa na daktari, kwa hiyo nenda siku hiyohiyo alama zikiwa bado zinaonekana. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na mshauri unawapata sehemu moja. Ukijibiwa kama tulivyojibiwa sisi, omba kuonana na mkubwa wake. Sisi hatukuomba. Hatukujua kama inawezekana.

Rafiki yangu alihama geto miezi mitatu baadaye, safari hii bila kuripoti popote. Kadi hakurudishiwa. Tulipanga naye foleni benki, akatengenezewa nyingine.