Foleni ya Printa na Lugha ya Wapagazi

Ipo kauli inayorudiwa katika ofisi zetu hapa Tabora kana kwamba ni aya ya msahafu: eti mambo ya mitambo hayasemeki kwa Kiswahili. Kauli hiyo naipinga, na mfano wangu nautoa mahali pasipo na fahari yoyote, yaani dirisha la kompyuta linalotumika kusimamia printa za ofisi.

Ofisi yenye printa kadhaa huziunganisha katika mtandao. Kazi za kuchapa hupokewa na kompyuta moja, ambayo huzipanga foleni na kuzipeleka moja baada ya nyingine. Msimamizi akifungua dirisha huona kila printa, kila kazi, jina la aliyeituma na idadi ya kurasa. Haandiki amri, anasoma na kubofya tu. Dirisha hilo lilibuniwa makusudi ili hata asiye fundi aweze kazi hiyo. Kwetu, hata hivyo, maneno ya kusomwa ni ya Kiingereza, na manufaa yote yanaishia hapo.

Kazi iliyo mbele ikikwama, zote za nyuma husimama. Asiyeelewa huagiza tena, mara tatu, mara nne, na foleni hurefuka. Katika shule moja ambayo sitaitaja, mitihani ya majaribio ilichelewa siku nzima ikimsubiri fundi, kumbe dawa ilikuwa kufuta kazi moja tu. Karani wa pale, anayeandika Kiswahili safi kuliko wakubwa wake, alikaa mbele ya kioo kama mtu asiyejua kusoma. Ni nani aliyemvika ujinga asiokuwa nao?

Tena tusidanganyane kwamba Kiingereza ndicho chenye usahihi. Neno "Cancel" katika foleni huiua kazi iliyotumwa. Neno hilohilo katika kisanduku cha maswali humaanisha tu kwamba umebadili nia na unarudi ulikotoka. Neno moja, matendo mawili, na moja kati yake halirudishiki. Kiswahili hakina mkanganyiko huo: unayebadili nia unaghairi, unayeiondoa kazi unaifuta. Kadhalika tunasimamisha kwa muda, kisha tunaendeleza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hahitaji kamusi kuyaelewa hayo.

Wanaosema msamiati haupo waikumbuke ardhi wanayoikanyaga. Katika karne ya 19, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo hadi Tabora, ikagawanyika hapa: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Vitambaa na shanga vilipanda bara. Tabora ilikuwa kituo ambapo mizigo ilipokewa, ikahesabiwa, ikagawanywa upya na kusubiri wapagazi. Je, hiyo si kazi ya kusimamia foleni? Kiswahili kiliibeba, na palipopungua neno kiliazima kwa wenyeji bila kuona haya: mnyapara, msimamizi wa wapagazi, ni neno tulilopewa na Wanyamwezi.

Kwa hiyo ugomvi wangu si na maneno ya kuazima. Chapa ina asili ya Kihindi, foleni imetoka Kiingereza, na zote ni zetu leo. Printa na seva nazo zibaki. Hapa hapa Tabora, Tanganyika Mission Press ilichapa vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi, na Serikali inaye Mpigachapa Mkuu anayeitwa hivyo kwa Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili. Uwezo ulithibitishwa zamani. Kilichopungua ni nia.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Basi hakimu ahukumu kwa Kiswahili, halafu karani akwame kuichapa hukumu kwa sababu onyo la printa limeandikwa kwa lugha nyingine?

Nitaambiwa kwamba mafundi wamesomea Kiingereza. Ni kweli, nao waendelee kukijua. Lakini dirisha hili halikutengenezwa kwa ajili ya fundi peke yake, na ofisi inayomngoja fundi kwa kila karatasi iliyokwama imenunua utumwa kwa fedha yake.

Nadai mambo matatu. Wanaonunua mitambo kwa fedha za umma wadai maelezo ya Kiswahili kabla ya kulipa. BAKITA na TATAKI wawape watengenezaji orodha moja ya istilahi, ili mmoja asiseme futa pale mwenzake anaposema ghairi. Na fundi, kabla hajaondoka, abandike kando ya printa karatasi yenye maana za maneno kumi ya foleni. Hilo la mwisho halihitaji bajeti wala kikao.

Nafunga kwa ubeti:

Mzigo uliokwama, mwenyewe auondoe,
Asome neno kwa hima, kaziye aiokoe,
Asikae akahema, hadi fundi amtoe,
Lugha tunayoisema, dirishani iingie.