Waandikieni kwa Kiswahili chao

Nkambo yangu ana daftari ambalo ukurasa wake wa kwanza una majina 31. Ni wanafunzi walioingia sekondari pamoja naye huko Mutshatsha mwaka 1970 na kumaliza mwaka 1976. Mwaka huu imetimia miaka 50, na wazee hao wamepatana kukutana kiangazi hiki, mwezi wa nane, wakati barabara ya kutoka Kolwezi inapitika bila taabu kubwa. Mimi ndiye karani wao, kwa sababu moja tu: nina simu nzuri na macho mazima.

Hadi leo tumewapata 14 walio hai. Tisa tumethibitisha kwamba wamefariki, wawili kati yao katika vita ya 1977, vita iliyoingia Mutshatsha kabla ya darasa hili kutimiza hata mwaka mmoja tangu limalize masomo. Wanane hatujui waliko. Katika wale 14 kuna mmoja aliyekatwa mguu kwa ajili ya sukari na ambaye bado anasimulia hadithi zilezile za bwenini. Kuna mama mmoja, kati ya wasichana watatu waliokuwa darasani, aliyezalisha wanawake kwa miaka 30 na sasa hatoki nyumbani kwa sababu ya magoti. Wawili walikuwa miongoni mwa wafanyakazi 10,655 ambao Gécamines iliwaachisha kazi mwaka 2003 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Ukitamka neno hiari mbele yao, wanacheka wote wawili.

Ugomvi ulianza kwenye barua ya mwaliko. Komite iliniagiza niiandike kwa Kifaransa. Niliwaonyesha walimu wangu wawili rasimu, nao wakakubaliana na komite. Naandika hapa, kwa heshima yote, kusema kwamba wote wamekosea, na kwamba kosa hilo linaweza kutupotezea wale wanane.

Nianze na majina, kwa sababu hapo ndipo nilipogutuka. Wanafunzi hawa waliandikishwa mwaka 1970 kwa majina ya ubatizo. Mapema mwaka 1972 Mobutu aliyapiga marufuku, na darasa zima likapata majina mapya kabla halijafika katikati ya masomo. Baada ya hotuba ya Aprili 1990 wengi walirudia ya zamani, wengine hawakurudia, wengine wanayatumia yote kufuatana na ofisi wanayoingia. Kwa hiyo nilipopiga simu na kusoma majina ya vyeti, wazee walikaa kimya. Nilitafuta mtu mmoja wiki tatu kwa jina lake la cheti. Kisha nkambo akasema, akiwa anakula, kwamba yule ni Kengele, kwani ndiye aliyekuwa akigonga kengele ya asubuhi. Nilipopiga tena na kusema Kengele, nilipata namba yake siku hiyohiyo.

Jina hilo halikuandikwa popote. Darasani mwalimu alifundisha kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa tangu 1962. Nyumbani huyu alisema Uruund, yule Cokwe, mwingine Ciluba. Lakini uwanjani, bwenini na kando ya reli walisema Kiswahili, na humo ndimo walimofahamiana. Walijifunza jiografia kwa Kifaransa, ila ukarafiki wao haukupitia huko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo komite haipendi nilitaje. Kati ya wale wanane, sita walikuwa watoto wa wafanyakazi wa reli waliotoka Kasai. Baba zao waliletwa na reli ya BCK, ile iliyofika Ilebo, wakati huo Port-Francqui, mwaka 1928, ikaunganisha Kasai na migodi ya kusini. Watoto walizaliwa huku, wakasoma huku, wakaajiriwa Kolwezi. Mateso ya Wakasai yalipoanza Likasi katika nusu ya pili ya 1992, na yalipofika Kolwezi Machi 1993, watu hao walifukuzwa majumbani mwao. Familia nyingi zililala kituoni kwa wiki nyingi zikingoja treni. Nkambo anasema alimwona mmoja wa wenzake pale stesheni ya Kolwezi, ameketi juu ya godoro lililokunjwa, akapita bila kumsalimu kwa kuogopa kuonekana. Aliniambia hivyo mara moja tu, na mara ile hakutaka nimuulize zaidi. Naliandika hapa kwa ruhusa yake.

Hapo ndipo hoja ya walimu wangu ina nguvu, nami sitaki kuikwepa. Mmoja aliniuliza: Je, si kwa Kiswahili watu hao walitukanwa? Ni kweli. Neno bilulu, yaani wadudu, lilitoka kwenye Kiswahili chetu cha kila siku, likapanda jukwaani kwenye mikutano ya siasa, likarudi mitaani likiwa limegeuka jina la watu. Sisi wanaisimu hatuna haki ya kusema kwamba lugha yetu ilikuwa daraja tu. Mwalimu akaongeza kwamba Kifaransa si cha mtu yeyote katika darasa lile, kwa hiyo hakimwumizi yeyote.

Sikubali nusu hiyo ya pili. Kifaransa kimewafikia wazee hawa kwenye karatasi zenye mhuri maisha yao yote: matokeo ya mtihani, barua ya kuajiriwa, barua ya kuachishwa kazi, hati ya pensheni isiyolipwa. Bahasha ya Kifaransa inamwambia mtu wa miaka 70 kwamba kuna ofisi inamtaka. Kabla sijaanza kubishana, niliipeleka barua ya komite kwa watu 14. Walijibu watatu. Baadaye, bila kuomba ruhusa (komite imenisamehe, au imesahau), niliwatumia wote ujumbe wa sauti wa nkambo, dakika moja, kwa Kiswahili cha Katanga, akitaja majina ya utani. Walijibu 12, na wengine hawakuacha kujibu. Mmoja wao yuko Mbuji-Mayi tangu 1993. Ujumbe wake ulianza hivi: "Njo miye. Ningali muzima. Kengele naye eko?" Wajukuu zake, waliosikika nyuma, walikuwa wakisema Ciluba na kumcheka kwa lugha yake ngeni.

Lazima niseme pia kuhusu mama mmoja aliyeko Kananga. Yeye alijibu ujumbe wa sauti kwa maandishi, kwa Kifaransa, mistari miwili: asanteni, sitakuja. Sikudhani kwamba hajasahau Kiswahili kwa bahati mbaya wala kwamba amekisahau. Alichagua. Huyo ataandikiwa kwa Kifaransa, na kama hataki kuandikiwa kabisa, jina lake litabaki kwenye daftari bila alama yoyote pembeni. Hoja yangu haimlazimishi mtu. Ila huwezi kumpa mtu nafasi ya kukataa Kiswahili kama hukumwita kwa Kiswahili kwanza.

Kuna pingamizi la pili, dogo, na ninalisikia zaidi kwa wanafunzi wenzangu: kwamba Kiswahili cha Katanga hakina tahajia iliyokubaliwa, na barua rasmi haiwezi kuandikwa kwa lugha ya mdomo. Nashangaa kulisikia katika kitivo ambacho sote tumesoma kuhusu André Yav. Mwaka 1965 aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani, kwa Kiswahili hichohicho, bila kumngoja mwanaisimu ampe tahajia. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na leo wataalamu wanaisoma duniani kote. Kama Yav aliweza kueleza utawala wa kikoloni kwa lugha hiyo, mimi naweza kueleza tarehe, mahali pa kulala na nani ataleta mbuzi.

Wako pia wanaotaka sanifu. Mimi mwenyewe hapa naandika kitu kinachokaribia sanifu, kwa sababu nyinyi ndio mnaosoma. Lakini nkambo akisikia sanifu anadhani ni habari za redio, na habari za redio hazijawahi kumwalika mahali.

Kwa hiyo nimeandika barua nyingine. Inaanza na majina ya utani, kisha majina yote mengine ya kila mtu, bila kuchagua lililo la haki. Haitaji asili ya mtu wala mkoa wa baba yake. Inasema wazi kwamba waliondoka 1993 kwa kufukuzwa na si kwa kuhama. Neno hilo nkambo alilikubali, wajumbe wawili wa komite bado hawajalikubali, na tutakaa tena Jumapili. Wanaogopa kwamba ukiandika neno kufukuzwa, mtu atauliza nani alifukuza. Naona mtu akiuliza, ni bora aulize mbele ya wenzake wa darasa kuliko mahali pengine popote.

Barua itatoka mwisho wa mwezi wa tano, kwa sababu kutoka Kasai safari ni ndefu na nauli inahitaji kuchangwa. Wasomaji wenye familia Kananga, Mbuji-Mayi, Mwene-Ditu au ng'ambo ya mpaka huko Angola, ulizeni nyumbani kama kuna mzee aliyesoma Mutshatsha kati ya 1970 na 1976. Msitaje jina la cheti. Mmoja wa wale wanane aliitwa Treni, kwa sababu hakuwahi kufika kwa wakati, na mwingine, msichana, aliitwa Bibi Saa, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na saa ya mkononi. Mkimpata mmojawapo, nileteeni namba ya simu, na nkambo atazungumza naye mwenyewe.