Gugumaji: Tuseme Usafi, Tusiseme Vita

Jina lina nguvu. Gugumaji lilitolewa Amerika ya Kusini kwa kuwa lilionekana "ua", likapandwa mabwawani kwa uzuri wake. Lilipotanda Ziwa Victoria miaka ya 1990, tukatangaziwa "vita". Lakini vita huonekana kazi ya serikali, tena tunatazamia iishe. Gugu hili haliishi: mbegu zake hukaa matopeni miaka mingi, kisha huota. Na penye magugu hujificha konokono wa kichocho, karibu na watoto wanapoogelea.

Afadhali tuseme "usafi". Nyumba hufagiliwa kila siku, na kila mmoja anajua zamu yake. Mwaloni pia tupeane zamu: tuvae buti, tung'oe, tuanike mbali na maji.